Mzee Amekula?

Jiwe lake lilikuwa jeupe, ukubwa wa andazi, na upande mmoja alikuwa amelipaka rangi nyekundu ya kucha. Ukifika asubuhi kwenye veranda ya duka la magodoro pale Awendo ukalikuta kwenye ngazi, ulijua Sista ameshafika na yuko ndani anabishana na mwenye duka juu ya sukari ya chai. Usipolikuta, ulianza kutazama barabara kwa wasiwasi, kwa maana Sista hakuwa mtu wa kuchelewa.

Huku kwetu muuguzi wa kike huitwa sista, awe na umri wowote, na yeye sikuwahi kumsikia akiitwa jina jingine. Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti wa nani, kwa sababu sijui. Nilimjua barabarani tu, miaka yote ile niliyokuwa nikifundisha Ndhiwa huku nikiishi Awendo, ambako mke wangu ana cherehani zake na wateja wake. Sista naye aliishi Awendo, na kazi yake ilikuwa katika kituo kimoja cha afya upande wa Ndhiwa, wadi ya kina mama wanaojifungua.

Asiyeijua njia hii atauliza ugumu uko wapi. Kati ya Awendo na Ndhiwa kuna mashamba ya miwa na mto mmoja, basi. Lakini Awendo iko Migori, Ndhiwa iko Homa Bay, na magari ya abiria yanapenda lami. Ukifuata lami unapanda hadi Rongo, unashuka, unapanda hadi Rodi Kopany, unashuka tena, halafu unangoja gari la tatu nalo lijaze. Ukifika kazini wenzako wanakunywa chai ya saa nne na mkuu wako anakutazama kama mgeni. Njia ya mkato ni ya udongo, inapita katikati ya miwa, na haikuwa na gari lake. Ilikuwa na chochote kilichojitokeza: pikapu ya soda, gari la mkate, trekta la miwa likirudi tupu shambani, na bodaboda siku ambazo mvua haikunyesha.

Kwa hiyo tulingoja pale veranda, na kila aliyefika aliweka jiwe lake kwenye ngazi nyuma ya jiwe la mwenzake, kisha akaenda zake kunywa chai. Chombo kikisimama, mawe ndiyo yaliyosema nani apande kwanza. Sista ndiye aliyeleta utaratibu huo, na ndiye aliyekuwa polisi wake na hakimu wake. Mwenye duka, Mwislamu mpole aliyetoka Garissa, alifagia ngazi zake kila asubuhi akizunguka yale mawe bila kuligusa hata moja.

Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye koti na kiatu cha kung'aa, gari lake limeharibika. Pikapu iliposimama akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele. Sista akamshika mkono wa koti.

"Jiwe yako iko wapi?"

"Mama, mimi ni mtu wa ofisi. Niko na mkutano huko."

"Sijauliza ofisi. Nimeuliza jiwe."

Tulidhani atakasirika. Akazunguka nyuma ya duka, akarudi amebeba kwa mikono miwili jiwe kubwa la msingi wa nyumba, huku anacheka na jasho linamtoka. Sista akalitazama bila kucheka.

"Haya, weka huko nyuma. Na usiumize mgongo, mimi ni wa kuzalisha, mambo ya migongo sijui."

Mtu mmoja tu ndiye aliyepita bila jiwe, naye ni mzazi aliyebeba mtoto mgonjwa. Huyo Sista alimpakia mwenyewe, na ole wako ugune.

Alikuwa na mdomo mkali, sitamfunika. Alitusema kwa viatu vyetu, kwa kuchelewa kuoa, kwa kuoa haraka, kwa kula mahindi ya kuchoma ndani ya gari la mtu. Yeye mwenyewe alikuwa na njugu mfuko wa sweta na alizitafuna njia nzima bila kumpa mtu. Alikwenda amevaa buti za mpira, viatu vyeupe vya kazi akivibeba ndani ya mfuko wa nailoni, na hata alipopanda trekta aliketi juu ya madigadi ya gurudumu amenyooka, mwavuli umefunguliwa juu yake, kama mtu aliyekodi trekta zima. Na huyu mwanamke aliyewachoma watu sindano maisha yake yote, sindano yenyewe aliiogopa. Walipokuja kutuchanja wote pale sokoni alifumba macho, akanishika shati kwa nguvu hadi kifungo kikang'oka. Nilipomdai kifungo changu alisema shati lilikuwa bovu tangu mwanzo.

Neno lake lilikuwa moja, na dereva yeyote wa njia ile alilijua: "Twende, kuna mtu ananingoja."

Asubuhi, mtu huyo alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Katika kazi yao huwezi kutoka wadini mpaka mwenzako aingie, hata kama umekesha ukizalisha na miguu imevimba. Aliyekuwa akipokezana na Sista alikuwa mama mchanga, mwenye mtoto wa kunyonya nyumbani. Sista akikwama Awendo, yule anakwama Ndhiwa, na mtoto analia mahali fulani. Ndiyo maana alikuwa mkali na mawe. Niliwahi kumwona akiteremka kutoka bodaboda iliyozama kwenye tope, akainua sketi, akaanza kutembea katikati ya miwa bila hata kumlaumu kijana wa watu.

Uongo aliuchukia kuliko tope. Waendesha bodaboda wana neno lao la "tunafika sasa hivi," nalo lilimtia hasira kweli. "Usiniambie sasa hivi. Niambie ukweli, nijue kama nitembee." Wanawake waliojifungulia mikononi mwake walisimulia kwamba hakuwahi kumwambia mtu haitauma. Alisema itauma, niko hapa, na wao walimpenda kwa hilo. Mimi aliniambia usoni kwamba mwanangu wa kwanza ana sura ya baba mkwe wangu, jambo ambalo wote nyumbani walikuwa wameliona na hakuna aliyethubutu kulisema.

Kitu kingine alichokichukia ni matangazo ya vifo. Redio zetu za Kiluo zina saa yake ya kusoma waliofariki, jina la marehemu, jina la baba yake, wajane, watoto, siku ya mazishi, na watu huku hunyamaza kabisa kusikiliza kama kuna wa kwao. Sista alinyoosha mkono na kuizima redio ya dereva. "Zima hiyo. Mimi nimetoka kazini." Hakuna dereva aliyebisha. Nyumbani kwake hakuwa na redio kabisa.

Jioni alisema neno lile lile, kuna mtu ananingoja, lakini sauti yake ilikuwa nyingine. Jioni mtu huyo alikuwa mumewe.

Mumewe tulimwita Mzee. Alikuwa fundi wa mitambo katika viwanda vya sukari, mtu mkubwa wa mwili, mpaka kiharusi kilipompiga upande mmoja. Mkono wa kulia ukalala. Tangu hapo ilibidi alishwe, na hakutaka kulishwa na mtu mwingine isipokuwa mke wake. Nyumbani kulikuwa na binti wa kaka yake aliyepika vizuri na kufua vizuri, lakini mchana akileta kijiko mdomoni, Mzee alifunga mdomo. Alisema hawezi kufunguliwa mdomo na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Uji wa asubuhi Sista alimpa kabla ya kutoka. Baada ya hapo Mzee alingoja. Dawa zake hazikutaka tumbo tupu, na Sista alijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa hiyo kila gari lililochelewa jioni, kila mvua, kila trekta lililoharibika darajani, alilihesabu kwa njaa ya Mzee. Jioni moja alifika akamkuta amezimia kwenye kiti, sahani ya mchana imefunikwa mbele yake, chakula hakijaguswa.

Kesho yake alikuja veranda kama kawaida, akaweka jiwe, na hakumsema mtu. Sote tuliogopa ule ukimya.

"Uombe uhamisho, Sista," nikamwambia. "Uje hapa hapa Awendo."

"Unadhani sijaomba?"

Akanieleza, nami nikaelewa kwa nini ilikuwa ngumu. Zamani wauguzi wote walikuwa wa serikali moja, ungeweza kupelekwa popote. Siku hizi kila kaunti ina wauguzi wake na mishahara yake, na ukitaka kuvuka mpaka lazima upate mtu wa ngazi yako upande wa pili anayetaka kuja kwako. Mbadilishane. Mtu wa kutoka Migori atakayetaka kwenda Ndhiwa, kule kwenye tope, angetoka wapi?

Kumbe tulikuwa tunampita kila siku.

Karibu na daraja, asubuhi, tulizoea kupishana na bodaboda moja iliyobeba mwanamke mwenye sweta ya bluu, mfuko wa nailoni umening'inia mkononi. Yeye alikuwa anatoka kule tunakokwenda. Sista alimpungia mkono, naye akapunga, na jioni tena, kila mmoja akirudi alikotoka. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Kisha ikaja asubuhi moja ya mvua ambapo tope la darajani lilikataa pikipiki zote, ikabidi watu washuke wavuke kwa miguu. Mimi nilikuwa nyuma ya Sista. Wale wanawake wawili wakakutana katikati ya daraja, wote na buti za mpira, wote wamebeba viatu vyeupe.

"Sista, wewe unaenda wapi kila siku?" yule mwingine akauliza.

"Ndhiwa, kazini. Na wewe?"

"Awendo, kazini."

"Kwenu ni wapi?"

"Si ni Ndhiwa! Nyumba yetu iko nyuma tu ya kituo cha afya."

Sista akamtazama kutoka buti mpaka kichwa. "Kwetu ni Awendo," akasema. "Ukisimama kwa mlango yangu unaona geti ya hospitali yenu."

Walianza kucheka, wakashikana mikono, wakacheka mpaka waendesha pikipiki wakauliza kama wako salama. Mimi nilicheka pia, ingawa nikiikumbuka leo naona ilikuwa afadhali kulia. Tangu siku hiyo tulimwita yule mwanamke Pacha.

Wakaomba kubadilishana. Kila kitu kilikuwa sawa, ngazi sawa, kazi sawa, nao walikuwa na furaha kama wasichana wanaopanga harusi. Ila kila upande ulisema utamwachilia wa kwake baada ya kumpokea wa upande wa pili. Huyu hatoki mpaka yule aingie, na yule hatoki mpaka huyu aingie. Sista aliposikia alisema hiyo ndiyo sheria ya wadini, aliifuata miaka yote, na hakuwahi kufikiri siku moja itamfunga miguu. Karatasi zikalala mahali fulani, na wao wakaendelea kupishana darajani.

Lakini hawakukaa kulalamika, na hapa ndipo nilipomvulia Sista kofia. Ikiwa hawawezi kubadilishana kazi, wakasema, watabadilishana watu. Pacha alikuwa na mama yake mzazi pale Ndhiwa, bibi tuliyemwita Dani, ambalo ndilo neno letu la bibi. Dani alikuwa amevunjika nyonga, halafu akapoteza hamu ya kula. Mchana alibaki peke yake na redio yake ndogo, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli na kutundikwa kwenye msumari karibu na kitanda. Basi wakapatana. Saa ya chakula cha mchana, Pacha atavuka barabara Awendo akamlishe Mzee. Sista atazunguka nyuma ya kituo cha afya akamlishe Dani.

Mzee alifunga mdomo siku ya kwanza, kama tulivyotarajia. Kule Ndhiwa, Dani naye akamwambia Sista, "Mwanangu anamlisha mume wako. Mimi ni mtu mzima, siwezi kula kabla ya mgonjwa. Mzee amekula?" Sista, ambaye hakujua kudanganya, akapiga simu. Pacha akamwambia Mzee kwamba kuna mama mzazi wa mtu huko Ndhiwa, amekaa na sahani mbele yake, anamngoja yeye. Mzee alitazama ukuta kwa muda. Halafu akafungua mdomo.

Ikawa hivyo kila siku ya kazi. Sista anaingia kwa Dani na sahani, Dani anauliza, "Jaduong' osechiemo?" Yaani, Mzee ameshakula? Sista anapiga simu, Pacha anajibu, Dani anaanza kula. Wanawake hao walikuwa na siri moja tu ya kunong'onezana, kwamba wagonjwa wao wawili, ambao hawajawahi kuonana, walikuwa wameanza kunenepa. Jioni Sista alipochelewa hakukimbia tena. Kila alipopata mshahara alinunua betri dukani kwa ajili ya redio ya Dani, na mwenye duka, aliyeuza pia vitu vidogo vidogo kando ya magodoro, alimtania kwamba yeye asiyetaka kusikia redio ndiye mteja wake mkubwa wa betri.

Mimi nikahamishiwa shule moja Migori mjini. Niliacha jiwe langu pale veranda, sijui nani alilirithi. Habari za kifo cha Mzee nilizipata kama wote tunavyozipata huku, kwenye redio, nikiwa nakata nywele kwa kinyozi. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka. Nilienda kumzika. Pacha ndiye aliyekuwa jikoni akigawa chakula, macho mekundu, na Sista alikuwa ameketi kati ya wanawake wa boma, ametulia, akiniuliza kama nimepata kiti. Muda si mrefu akastaafu.

Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa napita Awendo na gari langu, gari kuukuu ambalo mke wangu hulisukuma zaidi ya kulipanda. Nikasimama kumsalimu mwenye duka. Paka wake, ambaye nilimwacha mifupa mitupu, alikuwa amelala mlangoni mnene kama mto wa kochi. Na pale kwenye ngazi, katikati ya mawe mengine, nikaliona lile jeupe.

Sista alitoka na kikombe cha chai. Alikuwa amekonda. Sweta ilimning'inia mabegani, na buti za mpira zilionekana kubwa kwake.

"Sista! Si nilisikia ulistaafu?"

"Nilistaafu kazi. Barabara bado."

"Unaenda wapi?"

"Kwani huwa naenda wapi? Ndhiwa."

"Basi ingia twende."

"Mbele yangu kuna mawe, Mwalimu. Umesahau haraka hivyo?"

Nikawapakia wote waliomtangulia, tukabanana hadi gari likalalamika, na yeye akapanda wa mwisho. Tuliwashusha mmoja mmoja njiani, huyu kwenye shule, yule kwenye mizani ya miwa. Tulipobaki wawili akaniambia bila kunitazama:

"Mwalimu, nikuambie kitu na usishtuke. Huko tunaenda, Mzee yuko hai."

Nusura niingie kwenye mtaro.

Pacha bado hajastaafu, akaeleza. Bado anavuka kila asubuhi kwenda Awendo, na mchana Dani hana mtu. Siku Mzee alipokufa, wao wawili walikaa wakafikiri watamwambia Dani namna gani. Bibi yule alikuwa anakula kwa sababu Mzee amekula. Akisikia Mzee hayupo, atarudi kule kule, atasema nile kwa ajili ya nini. Pacha akamwambia mama yake kwamba anakwenda semina, akaenda mazishini. Na Sista, mchana wa kwanza aliporudi kwa Dani, alipoulizwa kama Mzee amekula, akasema amekula.

"Wewe, Sista? Wewe unayechukia uongo?"

"Nauchukia mpaka leo," akasema. "Kila siku nikiusema nauchukia."

Nyumba ya Dani ilikuwa na baridi nzuri na harufu ya samaki. Bibi alikuwa ameketishwa kwenye kiti, mdogo wa mwili, macho makali. Sista akamwambia mimi ni Mwalimu, mwenzake wa barabara wa miaka ile. Sista akatoa betri mpya mfukoni, akazitia kwenye redio, akaitundika. Kisha akapakua ugali na ngege, samaki wetu wa ziwani, wa kukaanga, akaweka sahani mbele ya Dani.

"Jaduong' osechiemo?" Dani akauliza.

Sista akapiga simu, akaiweka sauti ya juu. "Pacha, Mzee amekula?"

"Amekula," sauti ya Pacha ikajaa chumbani. "Leo ameomba mboga mara ya pili."

"Basi," Dani akasema, akaanza kula. Alikula vizuri, polepole, akichambua miiba. Alipomaliza akachukua kipande cha katikati ambacho hakuwa amekigusa, kile chenye nyama, akakiweka kwenye bakuli na kukifunika. "Hiki ni cha Mzee. Mpelekee."

"Ahsante, Mama," Sista akasema, akakusanya vyombo, akatoka nje kuviosha.

Tulipobaki peke yetu, Dani akanyoosha mkono akapunguza redio. Akaniambia kwa Kiluo, sauti ya chini:

"Wewe Mwalimu, walimzika vizuri?"

Nikageuka kutazama mlango.

"Redio ilisema," akaendelea. "Jina lake, jina la baba yake, mjane wake muuguzi aliyefanya kazi huku kwetu. Walirudia jioni. Wao wananiletea betri halafu wanadhani nasikiliza nyimbo tu."

"Dani, kwa nini hujawaambia?"

"Nikiwaambia, kesho huyu atakuja kufanya nini? Atakaa kwake atazame kiti cha mume wake. Nilimuuliza siku moja jana alikula nini, akasema chai. Chai! Mtu mzima. Nikimpa chakula hapa anasema ameshiba. Lakini chakula cha Mzee hawezi kukataa, si amesema yuko hai?" Akatazama mlango. Maji yalikuwa yanamwagika nje. "Kitu kimoja tu sijui. Huyo samaki, anamla? Wewe una macho, na unarudi naye. Niangalizie."

Sista akaingia anajifuta mikono kwenye kitenge. Dani alikuwa ameshaongeza redio.

Tuliondoka, bakuli likiwa mapajani mwa Sista. Miwa ilikuwa imekomaa pande zote mbili, barabara ilikuwa kavu, na kwa mara ya kwanza kwenye njia ile nilikuwa sina haraka ya kwenda popote. Tulipovuka daraja nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu:

"Na huyo samaki, huwa unamfanyia nini?"

"Nampa paka wa dukani." Akacheka kidogo. "Umemwona vile amekuwa?"

"Nimemwona." Nikaendesha kidogo. Nilijua nikisema vibaya nitaharibu vyote. "Kwa hiyo unamwambia Dani Mzee amekula, kumbe aliyekula ni paka."

"Mwalimu."

"Mimi nasema tu. Uongo wa kwanza nauelewa, ule ni dawa. Lakini huu wa paka, Sista, huu hauna sababu. Angalau mtu wa nyumba ya Mzee angekula, nusu yake ingekuwa kweli."

Nilingoja anitukane, na ningefurahi kama angenitukana. Alitazama miwa upande wake, midomo imekazwa kama siku ile ya sindano, na mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko cha bakuli.

"Huyu ni mkubwa," akasema mwishowe. "Mzee hangemaliza peke yake. Chukua nusu."

"Mimi nimeshiba, Sista. Hicho ni chakula cha Mzee."

Akafunua bakuli. Alianza na kipande kidogo cha pembeni, akatafuna kwa muda mrefu machozi yakimshuka, bila kuyafuta. Halafu akakata kingine, kikubwa zaidi. Nikaona veranda ya duka inakaribia mbele yetu, na bado alikuwa na nyama ya kutosha ndani ya bakuli. Nikapunguza mwendo.